Baki la Ishirini na Tisa

Mimi ni fundi wa vioo, na nasema bila haya kwamba mtaa mzima hauna mkono kama wangu. Ubao ukikosea unapiga randa, nguo ukikosea unaunga kiraka, lakini kioo kikishakwenda kombo ni takataka. Ndiyo maana ukutani, juu ya meza yangu ya kazi, nimeandika kwa rangi nyekundu: PIMA MARA MBILI, KATA MARA MOJA. Mteja akithubutu kuniuliza kama nina uhakika na kipimo, hasira hunipanda mpaka masikioni. Binti yangu husema vioo vyenyewe vinaniogopa, ndiyo maana vinakatika vizuri.

Wanaonijua tangu utoto hawaniiti fundi. Wananiita Ishirini na Tisa. Fundi bomba wa mtaa wa pili anaitwa Mbili, na mkunga aliyenizalisha binti yangu anaitwa Mia Moja na Tatu. Wageni hudhani ni namba za nyumba. Majina hayo alitupa Mwalimu wetu wa hesabu, na yote yametoka kwenye namba moja tu.

Siku ya kwanza alipoingia darasa la saba, yeye mwenyewe akiwa msichana mbichi aliyetoka chuoni na chaki tatu mkononi, hakusema habari za asubuhi wala nani kiranja. Aliandika ubaoni 73,939,133 kisha akauliza nani anaweza kuigawa isibaki kitu. Tukajaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba. Ikabaki kila mara. Akatuambia ndiyo namba tasa hiyo, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Halafu akafuta tarakimu ya mwisho kwa kidole. Iliyobaki, 7,393,913, nayo tasa. Akafuta tena: 739,391, tasa. Akaendelea kukata mkia, 73,939, kisha 7,393, kisha 739, kisha 73, mpaka ikabaki saba peke yake, na saba nayo tasa. Kila alipokata, kilichosalia kilisimama kwa miguu yake. Alisema namba za namna hiyo ni themanini na tatu tu, na kwamba katika zote hakuna ndefu kuliko hii. Ukiiongezea tarakimu yoyote mkiani, inavunjika.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na nilikasirika kwamba walikuwa wamenificha muda wote huo.

Mbili, ambaye wakati huo alikuwa bado na jina lake la kawaida, aliuliza kama vitabu vimeshasema ni tasa, sisi tunahangaikia nini. Mwalimu akamjibu, "Vitabu vimesema. Ninyi mmesema nini?" Hapo ndipo kanuni ya darasa ilipozaliwa: hatuamini, tunagawa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kama namba ile ina kitu kinachoigawa, basi lazima kuwe na namba tasa iliyo chini ya 8,599 inayoigawa. Ukishafika hapo huna haja ya kwenda mbele, maana unaanza kukutana na majibu yale yale kwa upande wa pili. Namba tasa za chini ya hapo ni elfu moja na sabini. Mwalimu akaamua kila mwanafunzi wa darasa la saba apewe moja, yake peke yake, aigawe kwayo ile namba kubwa, kwa kalamu na karatasi, aandike ukurasa mmoja katika kitabu kinene alichokiita Daftari la Mabaki. Ukurasa ulionyesha ile namba kubwa juu kabisa, kisha namba yako, jibu lako, na kile kilichobaki. Mwaka ukiisha, darasa linalofuata linaendelea palipoachwa. Alipiga hesabu akaona itachukua kama miaka thelathini. Akasema hana haraka.

Tuligawiwa kwa orodha ya mahudhurio. Wa kwanza alipata mbili, wa pili tatu, wa tatu tano. Mbili alitaka kutoroka kwa kusema mkia wa namba si shufwa, haugawanyiki kwa mbili, basi, kazi imekwisha, lakini Mwalimu alimkalisha chini akagawa tarakimu zote nane huku darasa zima likicheka. Jina langu lilikuwa la kumi. Nikapata ishirini na tisa.

Nilikuwa hodari wa darasa na nilijijua. Nilinakili namba kutoka ubaoni, nikaenda kukaa dirishani, nikagawa. Nikapata 2,549,377. Na kilichobaki kilikuwa sifuri.

Nikarudia, nikiifuata ile namba niliyoiandika juu ya karatasi yangu. Sifuri. Nikarudia mara ya tatu, sifuri. Nikafanya ukaguzi tuliofundishwa, wa kutupa tisa: unajumlisha tarakimu mpaka ibaki moja, na tisa yoyote unayokutana nayo unaitupa kama si kitu. Namba ya Mwalimu inaishia kwenye mbili. Jibu langu linaishia kwenye moja, ishirini na tisa inaishia kwenye mbili, moja mara mbili ni mbili. Ukaguzi ulikubali. Kwa hiyo namba ya Mwalimu ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Niseme ukweli wangu hapa. Yule mwanamke ndiye mtu mzima wa kwanza aliyeniambia kwamba hasira yangu haikuwa ugonjwa. Wengine walinipiga kwa ajili yake. Yeye alisema ni hasira ya mtu anayetaka mambo yawe sawa, niitafutie kazi tu. Na wiki ile ile alikuwa amepanda meza, akaipaka ile namba kwa rangi ya mafuta ukutani juu ya ubao, kwa fedha yake mwenyewe. Ningemwambia nini? Nikatazama karatasi, nikakumbuka kwamba katika kutupa tisa, tisa ni sawa na hakuna. Nikaandika: baki, 9. Akaja, akatupa tisa, akapata mbili, akatia saini. "Safi, Ishirini na Tisa," akasema. Jina likaganda.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na moja.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuhakikisha baadaye, na simu mfukoni ina kikokotoo. Nilijaribu. Mara mbili kidole kilifika kwenye ile alama ya kugawa kikarudi. Ikitoka sifuri, basi kazi ya maisha ya Mwalimu ni upuuzi, na mimi ndiye ninayejua. Isipotoka sifuri, basi mimi ni mwongo na tena mjinga, mimi ambaye sijawahi kukosea kipimo. Hakuna jibu nililolitaka. Nikajiambia kwamba namlinda Mwalimu, na nikajivuna kwa hilo pia, maana mimi nikikosa cha kujivunia hutengeneza.

Miaka ikaenda. Watoto wa Daftari wakawa mafundi, wauguzi, wachuuzi, na mmoja rubani. Mwaka wa pili Mwalimu alibadilisha ukaguzi: kila mtoto akawa anazidisha upya ukurasa wa jirani yake, jibu mara kigawanyo kujumlisha baki, mpaka namba nzima irudi. Sisi thelathini na watano wa mwaka wa kwanza ndio pekee tuliokaguliwa kwa kutupa tisa tu. Kitabu kikashonwa na kushonwa tena mpaka kikawa kinene kama tofali. Na orodha ilipofika mwisho, kwa darasa la mwisho kabla Mwalimu hajastaafu, jina la chini kabisa lilikuwa la binti yangu. Alipewa 8,597.

Nilitembea mtaani siku hiyo kama niliyemzaa yeye na namba pamoja. Nilimwambia kila mteja, hata aliyekuja kutengenezewa kioo cha choo.

Wiki moja kabla ya siku ya kufunga Daftari, Mwalimu alikuja karakana na Daftari chini ya kwapa. Nywele zimekuwa nyeupe, mgongo bado umenyooka kama rula. Alitaka sanduku la kioo la kuhifadhia kitabu, likae ukumbini pa shule, kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho, wa binti yangu. Aliniachia kitabu nipime. Alipoondoka nilikifungua ukurasa wa kumi. Mwandiko wangu wa kitoto ulikuwa pale, umelala upande, na chini yake ile tisa. Sikutazama kingine. Nilifunga, nikachukua kalamu ya almasi, nikakata kioo cha kwanza kifupi kwa upana wa kidole.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Alitazama kile kioo, akanitazama mimi, akatazama maandishi mekundu ukutani. Nikamfokea aende akafagie.

Siku ikafika, asubuhi, darasa lile lile. Ukutani namba ilikuwa imepakwa rangi upya. Watoto walikaa mbele, na sisi wazee wa Daftari tulisimama nyuma, wengine tukiwa tumejibana madirishani. Mbili alikuwa amevaa koti la suti juu ya suruali ya kazi. Sanduku langu la kioo lilikuwa juu ya meza, mfuniko wazi, linametameta. Kioo cha pili nilikikata sawasawa.

Binti yangu aliitwa mbele. Aligawa polepole, bila kufuta hata mara moja, akanakili kwenye ukurasa wake, akasoma kwa sauti: elfu nane mia sita, na baki elfu nne mia tisa thelathini na tatu. Jirani yake akazidisha, namba ikarudi. Watu wakavuta pumzi wapige makofi, lakini Mwalimu akainua mkono. Alikuwa na desturi ya kuuliza kila mwaka kabla ya kufunga kitabu, na kwa miaka yote hakuna aliyewahi kujibu.

"Yuko mwenye shaka na ukurasa wake?"

Nilimwangalia binti yangu ana chaki mpaka kwenye nyusi, anacheka kwa furaha. Nikaona kwamba nikinyamaza sasa, ushindi wake utakaa juu ya tisa yangu mpaka mimi na yeye tufe, na hata sanduku linaloulinda nimelitengeneza mimi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshazaa, na aliyezaliwa alikuwa pale mbele.

"Mimi," nikasema. "Ukurasa wa kumi ni wa uongo. Sikupata tisa. Nilipata sifuri."

Walioelewa waligeuka kwanza, na pale kila mtu alielewa. Sifuri moja inatosha. Mkunga alishika mdomo. Binti yangu aliacha kucheka, na hilo liliniuma kuliko yote. Mwalimu alishika ukingo wa meza, akakaa kwenye kiti. Mbili akamtafutia maji. Halafu akasema bila kunitazama, "Hatuamini. Njoo ugawe."

Nikapita katikati ya madawati, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Binti yangu alinipa chaki yake. Nilinakili namba kutoka ukutani, tarakimu moja moja, nikaanza. Jibu nililijua kwa moyo, kama mtu anavyojua jina la adui yake: mbili, tano, nne, tisa, tatu, saba, saba. Sabini na tatu kwa ishirini na tisa, mbili. Mia hamsini na tisa, tano. Mia arobaini na tatu, nne. Mia mbili sabini na tisa, tisa, ikabaki kumi na nane. Nikashusha moja. Mia themanini na moja. Mkono wangu ulishaanza kuandika tatu.

Haikuwa tatu. Ilikuwa sita.

Nikahesabu kwa vidole, mbele za watu, mimi. Sita. Nikaendelea: mbili, kisha tano. Jibu, 2,549,625. Na chini kabisa, peke yake, ilikaa nane.

"Inabaki," nikasema. "Mwalimu, inabaki nane."

Binti yangu alikuwa ameshafungua Daftari. Aliweka kidole juu ya ukurasa wangu, pale juu kabisa ambapo kila mmoja wetu ameandika ile namba, akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Saba, tatu, tisa, tatu, moja, tisa, tatu, tatu. Nilikuwa nimeandika moja kabla ya tisa. Nilikuwa nimegawa mara tatu, kwa ustadi mkubwa, namba ambayo si yetu. Na kutupa tisa hakukuona chochote, kwa sababu ukijumlisha hujali nani amekaa wapi. Ilikuwa pale wazi miaka thelathini na moja. Mwalimu aliitazama akaona namba anayoijua, na mimi juzi karakanani niliitazama nikaona tisa yangu tu.

Mwalimu alisimama. Nilitarajia kiboko, kusema kweli, na ningekipokea. Aliniambia kwamba nimemdanganya tangu akiwa na nywele nyeusi. Nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba na yeye alitia saini bila kusoma, na kwamba katika wale wote wa mwaka wa kwanza huenda siko peke yangu.

Kisha akawa mwalimu tena. Akaamuru kurasa nyingine thelathini na nne za mwaka wa kwanza zigawiwe watoto, kila mmoja na wake, wazizidishe upya. Zikasikika kalamu tu. Sisi wazee tulisimama nyuma tukitokwa jasho kama tunaosubiri matokeo. Mbili alikuwa ananong'ona kwamba baki lake lilikuwa moja, halina shida, moja, lazima iwe moja. Mkono wa kwanza ukainuka: "Inarudi." Wa pili ukainuka. Ikawa inarudi, inarudi, kutoka dawati hadi dawati, na kila mtoto alipotaja namba, mtu mmoja nyuma alishusha mabega. Mbili alilia waziwazi na hakuna aliyemcheka.

Ukurasa wangu aliuchukua binti yangu. Alizidisha 2,549,625 kwa ishirini na tisa, akajumlisha nane, akaandika jibu kwa tarakimu kubwa kuliko lazima. 73,939,133.

"Inarudi, Mama," akasema.

Mwalimu alinipa kalamu nyekundu. Nikaikata ile namba iliyokosewa, jibu lake na ile tisa, nikaandika chini yake namba ya kweli, jibu jipya na baki nane, tarehe ya leo, na jina langu kamili. Ndipo akafunga Daftari, akaliwekea viganja vyote viwili juu, akasema jambo alilolisubiri tangu akiwa msichana mwenye chaki tatu. Alisema namba hii ni tasa. Alisema hajaisoma mahali. Alisema, "Tumegawa." Makofi yaliyopigwa yalitikisa mfuniko wa sanduku langu, na nilifurahi, halafu nikaukimbilia kuushika usianguke.

Ikabaki kukiingiza kitabu. Mbili alilifungua Daftari kwenye ukurasa wa mwisho kama ilivyopangwa, 8,597, mwandiko safi wa mtoto wangu usio na doa. Niliunyoosha kwa mkono. Kusema kweli nilikuwa nimeuota ukurasa ule ndani ya kioo changu kwa wiki nzima.

"Siyo huo," binti yangu akasema. "Weka wa Mama."

Nikamwambia aache utani, watu wanatutazama. Mwalimu akamuuliza kwa nini, maana ule umekatwakatwa kwa wino mwekundu.

"Ndiyo maana," akasema. "Ndio peke yake unaoonyesha kwamba tuliangalia."

Mwalimu alifunua kurasa kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, elfu moja na sitini, mpaka akafika kwenye ule mwandiko uliolala upande. Nikaulaza ndani ya sanduku mimi mwenyewe, aibu yangu na nane yangu, nikashusha mfuniko. Ulikaa barabara, hata ukucha haukupata pa kupita. Watu walipokuja kuchungulia niliwaonyesha kwa kidole, nikawaambia jibu lile la juu ni la kwangu, na lile la chini yake pia ni la kwangu, na huyu mwenye chaki kwenye nyusi ni wangu.